Filta Iliyosingiziwa: Kisa cha Oili Kuvuja kwenye Helikopta ya R44, Mtwara

Helikopta yenyewe ni Robinson R44 ya viti vinne, yenye injini ya pistoni ya Lycoming O-540: silinda sita zilizolala ubavu, tatu kila upande. Ilikuwa imekodiwa kwa kazi ya kupiga picha za anga huku kusini. Usiku inalala uwanja wa ndege wa Mtwara, mchana inashuka popote penye nafasi: kiwanja cha mpira Newala, uwanja wa shule Tandahimba, mchangani Msimbati. Katikati ya mkataba saa 50 za matengenezo zikatimia, na fundi kijana aliyekuwa akisafiri nayo akabadilisha oili na filta palepale uwanjani. Kazi ya kawaida kabisa. Asubuhi yake, rubani akiwa kwenye ukaguzi wa kabla ya kuruka, akakuta doa la oili chini ya tumbo la helikopta, ukubwa wa kisosi.

Kijana akafungua kifuniko cha pembeni, akaona kopo la filta limelowa, akafanya ambalo mafundi wengi wangefanya. Akakata waya wa usalama, ule unaozuia filta isilegee, akakaza filta kidogo, akafunga waya mpya. Doa likapungua. Baada ya safari nyingine likarudi, kubwa kuliko mwanzo. Akakaza tena. Mpaka napigiwa simu, filta ilikuwa imekwisha kazwa zaidi ya mara moja, na ubavuni mwake kulikuwa na silikoni nyekundu, ile ya kopo inayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari. Kila niliyemuuliza habari za silikoni alisema ameikuta.

Mazungumzo yetu ya kwanza kwenye simu yalikuwa mafupi.

"Shikamoo mzee. Filta hii mbovu, tuletee nyingine."

"Marahaba. Oili inatokea wapi?"

"Kwenye filta."

"Umeiona ikitoka, au umeikuta hapo?"

Akanyamaza kidogo. "Nimeikuta."

"Basi usiikaze tena mpaka nifike. Na isiruke."

Kauli hiyo ya mwisho haikumfurahisha mteja. Alikuwa ameshapanga kupiga picha za pwani jua likiwa chini asubuhi, na hoja yake ilikuwa na mantiki kwa mtu asiyeijua injini: geji ya presha ya oili inasoma vizuri tu, katikati ya eneo la kijani, sasa shida iko wapi? Rubani naye aliniambia jambo hilohilo, ingawa yeye alilisema kwa wasiwasi. Hapa ndipo penye mtego wa tatizo zima, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Geji ya presha haipimi oili iliyobaki. Inapima msukumo. Kwenye R44, ukiwa angani presha inatakiwa iwe kati ya paundi 55 na 95 kwa inchi ya mraba. Injini ikiwa bado inapasha moto inaruhusiwa kupanda hadi 115. Pampu ya oili ni ya gia, na maadamu mdomo wake wa kufyonza umezama kwenye oili, itatoa presha ileile, tangini kukiwa na kwarti tisa au tano. Kwarti ni pungufu kidogo ya lita moja. Kitabu cha helikopta hii kinataka zisipungue saba kabla ya kuruka, na zisizidi tisa. Oili ikishuka mpaka mdomo wa pampu ukaanza kuvuta hewa, ndipo geji inaporukaruka na kuanguka, na kutoka hapo hadi beringi za krenki, mhimili mkuu wa injini, kuungua ni muda mfupi sana. Rubani wa helikopta yenye injini moja akiwa juu ya mikoko ya mdomo wa Ruvuma hahitaji kuelezwa maana yake.

Kipimo kinachosema ukweli ni kijiti cha oili, tena kijiti kilichoandikwa kwenye daftari. Bahati nzuri kapteni huyu ni mtu wa kuandika. Kabla ya matengenezo, injini ilikuwa ikila kwarti moja kwa saa kumi na mbili hivi za kuruka, jambo la kawaida kwa Lycoming yenye afya. Baada ya matengenezo, kwarti moja kwa saa nne. Ukifuata kanuni ya kiwanda ya kiwango cha juu cha ulaji wa oili, injini ya nguvu hii inaruhusiwa kula zaidi ya nusu kwarti kwa saa, kwa hiyo kuna fundi angeweza kufungua kitabu na kusema bado tupo ndani ya mpaka. Mpaka huo umewekwa kwa ajili ya oili inayoungua ndani ya silinda. Oili inayotoka nje haina mpaka wa kuruhusiwa mpaka ujue inatoka wapi.

Daftari lilikuwa na jambo jingine. Kapteni aliandika kwamba doa huwa kubwa baada ya safari ya kwanza ya siku, na dogo baada ya safari za mchana zinazofuatana. Mtwara hakuna baridi ya kusema, lakini oili nzito ya W100 iliyolala usiku kucha ni nzito hata kwenye nyuzi 23. Injini inapowashwa, oili hiyo nzito inasukumwa kwenye njia nyembamba na presha inapanda juu kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Kitu kinachovuja zaidi muda huo kinavuja kwa presha, upande wa baada ya pampu. Basi hapo nikaondoa nusu ya washukiwa kabla sijafunga begi: sili za vifuniko vya valvu, mabomba ya kurudishia oili kutoka vichwa vya silinda, bomba la kupumulia la krenkikesi. Hizo zote zinavuja kwa uzito wa oili tu, na oili nyepesi iliyopata moto ndiyo inayozitoka zaidi.

Waliobaki wote wako jirani. Kwenye Lycoming hii, oili ikitoka kwenye pampu inapita ndani ya nyumba ya vifaa, ile sehemu ya injini inayobeba magneto (vitoa umeme wa plagi) na pampu yenyewe. Kuna valvu ya joto inayoamua kama oili ipite kwenye kipozeo au la: ikiwa baridi inakatishwa njia ya mkato, ikifika karibu nyuzi 85 inapelekwa kupozwa. Kisha inaingia kwenye filta, halafu inakwenda kwenye beringi. Filta haikai moja kwa moja kwenye nyumba ya vifaa. Inakaa kwenye kitako chake, na kati ya kitako na nyumba ya vifaa kuna bamba la kati linalounganisha matundu ya upande mmoja na ya upande wa pili. Maana yake ni kwamba ndani ya eneo dogo kuna viungio kadhaa vyenye presha kamili: mpira wa filta, gasketi za bamba (vipande vyembamba vya kuzibia kati ya chuma na chuma), washa ya valvu ya joto, na hozi za kipozeo. Ikivuja yoyote kati ya hivyo, oili inateremka mpaka sehemu ya chini kabisa na kuning'inia hapo. Sehemu ya chini kabisa ni kopo la filta. Ongeza hewa ya feni ya kupozea inayozunguka mle ndani na kutawanya kila kitu, utaelewa kwa nini filta inasingiziwa kila mara.

Nilipofika sikushika spana. Tuliosha eneo lote kwa dawa ya kuondolea mafuta na brashi laini, kila kona, hata nyuma ya mabano, tukapuliza hewa mpaka pakavu kabisa. Mdomo wa hewa ya injini tukauziba kwa muda. Kisha tukapaka unga mweupe. Kuna kopo maalumu la kupulizia, lile la dawa nyeupe ya kutafutia nyufa kwenye chuma, linaweka utando mkavu mzuri sana. Letu lilikuwa limebaki upepo mtupu, kwa hiyo kijana akatumwa Chikongola kununua poda ya mtoto. Poda inafanya kazi vilevile ukiipuliza kwa upole juu ya chuma kikavu, ila hushika pabaya sehemu za wima, na lazima uitoe yote baadaye. Ziko taa za bluu na rangi ya kuchanganya kwenye oili ambayo inang'aa ikivuja. Nzuri kwa uvujaji mdogo sana, lakini kwa tatizo la ukubwa huu poda ya shilingi chache inatosha, na huongezi kitu chochote ndani ya injini.

Kapteni akakaa kwenye usukani, akawasha, akapasha injini kwa mwendo wa asilimia 60 hadi 70, kisha akapandisha hadi mwendo kamili wa mapanga bila kunyanyua. Akazima. Tukasubiri mapanga yasimame, tukafungua kifuniko na tochi.

Unga uliozunguka mpira wa filta ulikuwa mweupe, mkavu, haujaguswa. Juu yake, kwenye ukingo wa bamba la kati upande wa kulia, kulikuwa na alama ya kahawia upana wa ukucha. Kutoka hapo uzi mmoja wa oili ulikuwa umeshuka kwenye kitako, ukafuata mkunjo wa chini, ukafika kwenye kopo la filta na kufanya tone. Nikamwita kijana aangalie. Akaangalia muda mrefu, akasema tu, "Kumbe huku."

Tukaanza kufungua. Oili ikamwagwa kwenye ndoo safi, filta ikatoka. Ilikuwa imekazwa kupita kiasi, mpira wake umebanwa mpaka umepoteza umbo. Kiwango kimechapwa kwenye kopo lenyewe la filta za aina hii: futi-paundi 16 hadi 18, yaani kama nyutoni-mita 22 hadi 24. Kuna kichwa cha nati cha inchi moja kwenye mwisho wa kopo kwa ajili ya spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na matundu ya waya wa usalama. Kukaza kwa hisia ya mkono ni desturi ya gereji ya magari, na kwenye gari mara nyingi hakuna kinachoharibika. Hapa kila nguvu ya ziada unayoweka kwenye kopo unaipitisha kwenye kitako, na kutoka kitako inakwenda kwenye bamba. Hivyo kila mara filta ilipokazwa, gasketi iliyochoka ilitikiswa. Ndiyo maana doa lilipungua kidogo na kurudi kubwa.

Jambo la pili la kuangalia filta ikitoka ni kama mpira wa filta ya zamani umeng'ang'ania kwenye kitako. Ukifunga filta mpya juu ya mpira wa zamani, mipira miwili inakaa vizuri ardhini na kutema oili yote angani. Hapa haikuwa hivyo. Kijana alikuwa amefanya kazi safi upande huo, na nilimwambia.

Kisha tukaikata filta kwa kikatio chake, tukakunjua karatasi ya ndani na kuipitisha kwenye mwanga. Punje chache nyeusi za kaboni, sumaku haikushika kitu. Kazi hii watu wanairuka wakiwa na haraka, wakati filta iliyokwisha fanya kazi ni barua ambayo injini inakuandikia kuhusu hali ya beringi zake.

Bamba la kati sasa. Bolti moja kati ya zilizolishika ilizunguka bila kukataa, nyingine zilikuwa na kaza ya wastani. Gasketi ilitoka vipandevipande, ngumu na yenye kuvunjika kama ukoko. Upande wa kulia, karibu na tundu la oili yenye presha, kipande chake kilikuwa kimesukumwa nje ya ukingo kama ulimi mdogo. Pale ndipo alama ya kahawia ilipoanzia.

Ulimi huo una historia. Mwaka 2000 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo la dharura kuhusu gasketi za bamba hili kwenye injini za Lycoming, baada ya baadhi yake kusukumwa nje na presha na kumwaga oili. Mwaka 2002 likafuatiwa na agizo namba 2002-12-07, lililotaka injini zinazohusika zikaguliwe kwenye kitako cha filta kuona kama kuna uvujaji au gasketi inayochomoza, na gasketi ya zamani ibadilishwe mara kwa mara mpaka pawekwe ile iliyorekebishwa. Gasketi tuliyoikuta haikuwa na namba inayosomeka, na kumbukumbu za injini hazikuonyesha ni lini iliwekwa. Sikuhitaji kujua zaidi ili kuikataa.

Silikoni nayo ilikuwa imejibana kwenye ukingo. Nje haikuzuia chochote, kwa sababu presha ya paundi 80 haizuiwi na kitu kilichopakwa upande inakotokea. Hatari yake iko ndani. Kipande kimoja kikikatika na kuingia kwenye njia ya oili kinaweza kwenda kuziba tundu ambalo kalamu haipiti. Tuliitoa kwa kikwaruzo cha plastiki, maana nyumba ya vifaa ni ya aluminiamu na kisu cha chuma kinaacha mkwaruzo ambao gasketi mpya itaulipia. Kabla ya kukwaruza tulijaza matundu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na vipande vya kitambaa vilihesabiwa kuingia na kutoka. Nyuso zote mbili zikapimwa kwa rula ya chuma. Zilikuwa sawa.

Gasketi mpya haikuwepo Mtwara. Kipuri cha ndege hakinunuliwi kwa kulinganisha umbo. Kinakuja na cheti chake, na namba yake lazima iwe ile inayotajwa na kitabu cha sasa. Iliagizwa Dar es Salaam, ikapanda basi Mbagala kama kifurushi, ikapita daraja la Mkapa pale Rufiji, Nangurukuru, Lindi, na kufika usiku. Barabara ikiwa nzima mambo ni hayo. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, ilikatika Somanga na kusini yote ikakaa kusubiri. Ingekuwa wakati huo, helikopta nzima ingelala kwa ajili ya kipande kinachoingia kwenye bahasha. Kampuni inayoleta helikopta kufanya kazi kusini na kuacha gasketi za filta Dar inaokoa fedha mahali pasipo na fedha ya kuokoa.

Kufunga hakukuwa na mambo mengi. Gasketi mpya ikawekwa juu ya nyuso safi, bolti zikakazwa kwa spana ya torki kwa hatua na kwa kupishana pembe, mpaka kiwango cha kitabu. Filta mpya, mpira wake ukapakwa grisi ya DC-4, ikakazwa futi-paundi 17, waya wa usalama wa inchi 0.032 ukavutwa upande wa kukaza. Oili mpya. Unga mweupe tena. Injini ikawashwa, ikafika mwendo kamili, ikazimwa. Unga ukabaki mweupe. Baada ya hapo helikopta ikanyanyuka na kuning'inia juu ya uwanja kwa muda, ikashuka, tukafungua tena vifuniko. Pakavu. Ndipo tukaosha unga wote na mimi nikasaini kurudishwa kwake kazini. Uvujaji wa oili yenye presha hausainiwi kwa kuwasha mara moja, kwa sababu gasketi inaweza kuvumilia injini baridi na kusalimu amri ikipata joto la safari nzima.

Nimewahi kusimuliwa matatizo ya aina hii na watu wa injini ambazo hazina pistoni kabisa. Mazda 13B, injini ya rotari ya aina ya Wankel ambayo baadhi ya wajenzi wa ndege binafsi nje wanaifunga kwenye ndege zao, inabeba filta yake juu ya kitako kilichokaa juu ya injini, na chini ya kitako hicho kuna oringi mbili, yaani pete za mpira za kuzibia. Oringi hizo zikikauka kwa joto, oili inatoka chini ya kitako na mwenye ndege anabadilisha filta baada ya filta. Injini tofauti kabisa, kosa lilelile la kusoma mahali oili ilipotua.

Kwa upande wa kijana, nilimwandikisha kwenye daftari la kazi yeye mwenyewe: mahali uvujaji ulipoonekana kwenye unga, hali ya gasketi, namba ya mpya na ya cheti chake, torki ya kila bolti, agizo la 2002-12-07 kuwa limeangaliwa. Aliuliza kama aandike pia kuhusu filta iliyokazwa mara kwa mara kabla yangu. Nikamwambia aandike, kwa sababu fundi atakayefuata akikuta alama za spana kwenye kitako atataka kujua zimetoka wapi. Silikoni ikaandikwa "imeondolewa", bila mwenyewe.

Mteja alilipia saa za kusubiri kwa manung'uniko, na mmiliki akalalamikia bei ya filta ya pili ndani ya wiki hiyo. Kwenye matengenezo ya saa 50 yaliyofuata, daftari la kapteni lilikuwa limerudi kwenye kwarti moja kwa saa kumi na mbili, na ukingo wa bamba ulikuwa mkavu.